Aliyeketi Benchi Huona Visogo

Makambako,
4 Mei 2025

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Na Mama naye mfikishie shikamoo yangu. Habari za Kifanya? Goti la Mama linasemaje na baridi hii inayoanza? Mimi ni mzima. Kikohozi cha mwezi uliopita kimekwisha, cherehani inazunguka, wateja wanakuja. Upepo wa hapa ni ule ule. Nikianika kitambaa nje nakwenda kukichukulia stesheni.

Najua ungependa nipige simu. Unanijua mimi na simu, Baba. Kigugumizi kikinishika, mtu wa upande wa pili anadhani mtandao umekata. Kwenye karatasi maneno hayanikwami, ndiyo maana nampa Festo barua hii aiache nyumbani akirudi huko na lori lake la mbao.

Sasa nisikilize, maana nina mambo!

Jumapili iliyopita baada ya Misa nilikwenda banda la video. Filamu ilikuwa ya Wakorea, lakini kuna jamaa wa Dar anatafsiri juu ya sauti zao, na yule hatafsiri, anatunga! Mfalme akisema maneno mawili, yeye anasema kumi, na mfalme mwenyewe anamwita “mjomba”. Tulicheka mpaka benchi letu likavunjika mguu. Halafu pale pale, mfalme kainua upanga juu ya shingo ya mdogo wake, umeme ukakatika. Kelele zake! Basi mzee mmoja muuza vitunguu akasimama, akasema, “Tulieni, nitaimalizia mimi.” Na akaimalizia, Baba! Mfalme wake alilia, akatupa upanga, ndugu wakaenda kula pamoja. Umeme ukarudi, tukaona mfalme wa kwenye filamu kamkata ndugu yake kweli kweli. Banda zima likapiga kelele: “Turudishie ya mzee!”

Na jana nilikuwa Njombe mjini kwenye tamasha la kwaya. Kwaya tisa. Nane zilikuja na vinanda na maspika ya kutikisa madirisha. Ya tisa ilikuwa ya kina mama kutoka Matamba, kumi na wanne, mablanketi mabegani, mikono mitupu. Wakaimba Kikinga. Nusu ya maneno sikuyaelewa, lakini mwili ulinisisimka kuanzia kisigino. Aliye mfupi kuliko wote ndiye mwenye sauti nzito kuliko wote. Inaanza chini kama lori lenye mzigo likipanda mlima, unajiuliza litafika, na linafika. Walipomaliza hatukupiga makofi. Tulisahau. Mpaka padri alipoanza yeye.

Mwambie Mama nilivaa lile koti lake. Nijibuni upesi.

Binti yenu,
Asteria

*

Kifanya,
12/5/2025

Mwanangu Asteria,

Kamwene, mama. Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi hatujambo. Goti la Mama yako linauma asubuhi na kupona likisikia kuna sherehe. Viazi tumevuna, si haba, ingawa fuko amekula mistari miwili ya upande wa mtoni.

Barua yako ilifika Jumatano, Festo akaileta hadi mlangoni. Nilimsomea Mama yako uani akimenya viazi. Nilipofika kwa muuza vitunguu akaacha kumenya. Nilipofika kwa wale kina mama wa Matamba akasema, “Odilo, rudia hapo.” Nikarudia. Wakati huo jirani yetu Mama Conjesta amesimama kwenye ua, anajidai anatafuta kuku. Nikamwambia aingie akae. Jumapili nikaisoma mara ya tatu, na watu walikuwa saba. Mimi katekista wa miaka ishirini na mbili, sijawahi kusikilizwa namna hiyo nikisoma matangazo ya parokia.

Tuna maswali. Kina mama wa Matamba walivaa nini miguuni? Mama yako anasema kama walivaa viatu vya kufunga hawakuwa wa Matamba. Na yule muuza vitunguu, watu hawakumwomba amalizie na nyingine?

Mimi mwenyewe, kama unavyojua, sijaingia kwenye ukumbi wa maigizo miaka kumi na sita, na sababu unaijua. Lakini ukikaa kama ulivyokaa wewe, ukatazama ya wengine, nakubali kuna raha yake. Basi endelea kututazamia. Kutazama kunatosha, mwanangu.

Nimempa Festo debe la viazi na maharage ya njano. Usigawe yote.

Ni mimi,
Baba yako

*

Makambako,
2 Juni 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naamini mnaendelea vizuri na Mama anatembea. Mimi sijambo kabisa, tena leo nina afya ya watu wawili! Viazi nimevipokea. Nimegawa nusu, unisamehe. Na kina mama wa Matamba walivaa kandambili. Mama ni mchawi.

Baba, juzi Jumamosi kulikuwa na mchezo wa kuigiza Njombe, ukumbi wa parokia. Kikundi cha hapa kwetu Makambako, kinaitwa Kikundi cha Upepo, kinaongozwa na Mwalimu Lukresia, yule mstaafu wa sekondari anayeshonesha kwangu. Tulikwenda watu kumi kwenye gari moja. Mchezo unaitwa “Mti wa Mpakani”.

Ni hivi. Ndugu wawili wana mashamba ya mipaina yaliyopakana, na katikati kuna mti mmoja mkubwa wa zamani. Huyu anasema wangu, yule anasema wangu. Wanagombana miaka kumi. Wanalala chini ya mti kulindana, wanashikwa mafua wote wawili, wanapiga chafya kwa zamu. Hapo watu walikufa kwa kicheko! Kaka mtu ameigizwa na Romani, muoka mikate wa hapa sokoni. Anapiga chafya kwa kutumia tumbo, mkanda wake ukakatika, akaendelea kama vile umeandikwa ukatike.

Sasa kuna mjane wa ndugu yao wa tatu. Muda wote yuko pembeni, anapita na ndoo yake, hakuna anayemuuliza kitu. Mwishoni, mbele ya baraza la kijiji, anasimama, anauendea mti, anaugonga hivi, ngo! ngo! Mti una uwazi ndani. Una nyuki. Miaka kumi wakigombana yeye alikuwa akirina asali. Anawaambia, “Ninyi mlikuwa mkiangalia mpaka. Hakuna aliyeuangalia mti.”

Baba, ungeona! Mzee mmoja wa koti la kijani, mstari wa pili, alifumba macho na kutikisa kichwa kama aliyesikia habari zake mwenyewe. Masista watatu walicheka wakijifunika nyuso kwa shela zao. Mama mmoja karibu na nguzo alikuwa analia na kucheka pamoja, mdomo wazi, hata hakujifuta. Taa zilikuwa zinachoma macho, lakini nyuso zile niliziona moja moja. Na upande wa kulia kuna ubao unaolia kwiii ukiukanyaga, ilibidi kuuruka kila mara.

Aliyeigiza mjane alinipendeza kuliko wote. Ni dada mmoja tu, jina lake sikulishika.

Sijalala vizuri tangu juzi kwa furaha. Msomee Mama, na Mama Conjesta, na kuku wake.

Binti yenu,
Asteria

*

Kifanya,
9/6/2025

Asteria, mwanangu,

Salamu. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Baridi imeanza kweli, asubuhi ukungu hauondoki mpaka saa nne.

Barua yako niliisoma mbele ya watu kumi na mmoja. Walicheka penye chafya, walipiga makofi penye asali. Mimi nilisoma hadi mwisho nikaikunja. Walipoondoka nikaikunjua tena, nikaisoma polepole.

Mwanangu, mimi nimekaa kwenye mabenchi ya kanisa maisha yangu yote. Aliyeketi benchi huona visogo. Wewe umeniandikia nyuso. Umeniandikia mzee wa mstari wa pili alivyofumba macho. Nani huyo aliyekuwa ameelekea watu? Taa za jukwaani zilimchoma nani macho? Na ubao unaolia, mtazamaji anaurukia nini?

Umelishika jina la muoka mikate na mkanda wake. La mjane aliyekupendeza kuliko wote hukulishika.

Mama yako bado hajui ninachokijua. Au anajua, hasemi.

Niliahidi mbele ya Mungu, ile Krismasi, kwamba hakuna mtu atakayekucheka tena nikiwa hai. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Walikupa umalaika, nguo nyeupe na neno la kwanza la igizo zima, “Msiogope.” Ukakwama kwenye “msi”. Ukabaki umesimama pale mbele ya kanisa lote, na watu, watu wangu ninaowafundisha dini, wakacheka. Nilikuja nikakutoa. Mikono yangu bado inakumbuka ulivyokuwa unalia kwa kwikwi.

Sasa niambie ukweli. Sijakasirika. Au nimekasirika, lakini niambie.

Baba yako

*

Makambako,
13 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Najua barua imechelewa zaidi ya mwezi. Festo amepita hapa mara tatu, mara zote nimemwambia sijamaliza. Nimeanza kuandika mara nne. Afya yangu njema. Naomba na yenu iwe njema.

Mjane ni mimi.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa pili Mwalimu Lukresia aliniletea nguo za mchezo nizishone. Kila jioni nikawa nakwenda mazoezini kuwapima, nakaa pembeni na pini mdomoni, nasikiliza. Baada ya wiki tano nilikuwa nayajua maneno ya kila mtu. Halafu aliyekuwa mjane akaolewa, akahamia Mawengi. Romani akatangaza, “Jamani, mjane wetu amepata mume!” Siku hiyo Mwalimu akanigeukia: “Asteria, simama pale tu, utusomee nafasi yake, wenzako wasikwame.” Nilitikisa kichwa. Akasema, “Neno likikwama, tutasubiri. Hatuna treni ya kuwahi.”

Nikatoa pini mdomoni. Nikasimama. Yakatoka, Baba. Yote! Kama vile mtu mwingine amenikopesha ulimi. Nilipomaliza Romani alikuwa ameshika mkate aliokuwa akiutafuna, hajamaliza kuumeza. Nilikwenda nyuma ya ukumbi nikasema peke yangu, kwa sauti, maneno ya mjane mara tatu, nisije nikawa nimeota.

Si kila siku. Mazoezini nimekwama mara nyingi tu, na wenzangu wakasubiri kweli. Njombe sikukwama. Nilitaka kukuandikia “ni mimi, ni mimi!” ukurasa mzima. Nikaogopa ungekuja kunitoa.

Na kuna jambo sijawahi kukuambia. Ile Krismasi. Ulipopita katikati ya watu ukanibeba, wote walidhani ninalia kwa sababu wamecheka. Baba, sikulilia kicheko. Kicheko nilikuwa nimekizoea shuleni. Nililia kwa sababu lile neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lilikuwa linakuja. Ukanibeba kabla halijatoka, na miaka yote hii limebaki humu.

Ulifanya kwa upendo. Najua. Lakini uliniuliza?

Siku ya Nane Nane, tarehe 8 Agosti, saa nane mchana, tunaigiza hapa Makambako, ukumbi wa karibu na soko. Njooni. Wewe na Mama. Njoo ukae benchi, Baba. Uone nyuso ukitaka, nitakuonyesha wa kwangu.

Mwanao,
Asteria

*

Kifanya,
20/7/2025

Asteria,

Barua yako nimeisomea shambani peke yangu, kisha nikamsomea Mama yako. Akasema, “Nilijua tangu kwenye ule ubao.” Ndivyo alivyo.

Sitakuja, mwanangu. Usidhani ni hasira. Nimelipima swali lako nimekosa jibu, na mtu asiye na jibu hawezi kukaa mbele ya aliyemuuliza. Lakini zaidi ya hilo, najijua. Ukikwama nitasimama. Miguu itasimama yenyewe kabla sijaiambia kitu. Nitakuharibia mara ya pili, tena mbele ya watu wa Makambako.

Igiza vizuri. Nitasali saa nane hiyo.

Mama yako amenuna. Hajanipikia ugali tangu jana, ananiwekea viazi vya juzi.

Baba yako

*

Kifanya,
10/8/2025, Jumapili

Kwa binti yangu Asteria,

Kamwene, kamwene, kamwene! Hujambo mama? Koo halijauma? Hapa hatujambo, hata goti. Hili goti la Mama yako tutalizungumza.

Kaa chini kwanza. Tulikuja.

Siku ya Nane Nane asubuhi nilitoka kwenda kulisha nguruwe. Nikamkuta Mama yako barabarani, amevaa kitenge cha Pasaka, amekaa juu ya jiwe. “Unakwenda wapi?” “Makambako.” “Na nani?” “Na Festo. Wewe sali.” Nikamwambia na goti je? Akasema goti litakaa mbele kwenye lori. Ningefanya nini? Nilikimbia ndani nikavaa koti juu ya shati la shambani. Tumekuja kwenye lori la mbao, watatu mbele, na mimi nanuka nguruwe mpaka Njombe, Festo kafungua dirisha na baridi yote ile.

Tuliingia mmeshaanza. Tukakaa mstari wa mwisho, nyuma ya mwanamke mwenye kilemba kikubwa kama kichuguu. Sasa zamu yangu ya kukuandikia niliyoyaona, na nitayaandika kama wewe ulivyotufundisha.

Nimemwona Romani akipiga chafya. Huyo mtu apewe shamba! Nilicheka, mimi Odilo, nikampiga kibao cha mgongo mzee niliyekaa naye, mtu nisiyemjua. Nikasahau kabisa kwamba nilikuja kuogopa. Na wewe unapita na ndoo yako. Unapita tu. Mara ya kwanza sikukutambua. Mama yako ndiye aliyenibana kiwiko: “Yule.” Nikasema yule ni mama mtu mzima, ana miaka hamsini. Akasema, “Tazama miguu.” Nikatazama miguu. Mwendo wa marehemu mama yangu akitoka mtoni. Hujawahi kumwona, ulizaliwa ameshakwenda. Umeutoa wapi?

Kisha baraza. Ukasimama, ukaugonga mti, ngo! ngo! Ukasema, “Ninyi mlikuwa mkiangalia m…”

Likakwama.

Mwanangu, sitakudanganya. Nilikuwa nimeshasimama. Sijui nilisimama lini. Mguu mmoja tayari uko kwenye njia ya katikati. Mama yako akanishika koti kwa mikono miwili, akanivuta, akaninong'oneza maneno ambayo katekista hayaandiki. Lakini si yeye aliyenizuia. Ni uso wako. Nilikuwa nimesimama juu ya watu wote, kile kilemba hakinizibi tena, nikakuona. Ulikuwa huogopi. Umeweka kiganja kwenye mti, unasubiri, kama mtu aliyesikia mgeni anakuja na anajua yuko njiani. Romani naye ametulia, mafua yake yamekwisha. Mtu mmoja dirishani akacheka kidogo, akakosa wa kumsaidia, akanyamaza. Na yule mzee niliyempiga kibao akasema polepole kwa heshima, “Tazama anavyowasubirisha!” Alidhani ndivyo ilivyotungwa.

Nami nikasubiri. Nimesimama katikati ya njia, nimeshika kofia, nikasubiri pamoja nawe. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na nimeng'oa visiki maisha yangu yote.

“…mpaka. Hakuna aliyeuangalia mti.”

Lo! Nilivyopiga kelele nadhani ulisikia. Kama ulisikia mtu anapiga vigelegele vya sauti nene, huyo hakuwa mwanamke.

Hatukukungoja. Festo alikuwa na mbao za kuwahi, na mimi sikuwa na uso wa kuonyesha mtu, ulikuwa umelowa wote. Njia nzima tumebishana. Mama yako anasema ndugu wale walistahili kunyimwa asali. Mimi nasema angewaonjesha kidogo, ndugu ni ndugu. Festo anasema mti ungepasuliwa mbao. Kutoka Makambako mpaka Kifanya hatukunyamaza.

Sasa lile swali lako. Hapana, mwanangu, sikukuuliza. Nilisikia wakicheka, sikusikia wewe ulikuwa unasema nini. Nilikutoa kwa ajili yangu, kwa aibu yangu mimi, nikaiita huruma, na nikakuacha na neno mdomoni miaka kumi na sita. Nisamehe. Nimemwambia hivyo Mungu leo kwenye Misa, lakini anayestahili kuambiwa ni wewe.

Leo baada ya Misa nimewasimulia watu uani, bila karatasi. Hawakutosheka, walitaka nionyeshe. Basi nimepiga chafya ya Romani mbele ya Mama Conjesta na wazee wa kanda, mkanda ukiwa mzima, kwa bahati.

Festo anasema mnarudi Njombe tarehe 13 Septemba. Tunakuja watu kumi na nne. Tutafutie mstari wa pili. Mama yako anasema safari hii hakai nyuma ya kilemba cha mtu, na mimi nikisimama tena usiogope, ni kwa kukuona vizuri.

Ni mimi,
Baba wa yule mjane